Unene wa Konea na Kanieneo ya Jicho: Istilahi Inapomgusa Mgonjwa

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, glaukoma huitwa "presha ya macho". Jina hili limekita mizizi, na si vigumu kumpata mgonjwa anayedhani kuwa vidonge vya presha ya damu vitamponya macho pia. Hata hivyo, kuna upotofu mkubwa zaidi unaojificha ndani ya jina hilo, nao ni kuidhania namba inayosomwa kwenye chombo cha daktari kuwa ndiyo maradhi yenyewe. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuangazia sehemu ndogo ya jicho ambayo aghalabu haitajwi: konea.

Glaukoma ni kundi la maradhi yanayoharibu neva inayopeleka taswira kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida uoni wa pembeni hutangulia kupotea, tena bila maumivu, na uliopotea haurudi. Hapa ndipo maradhi haya yanapotofautiana na mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji na lenzi mpya ikawekwa. Anayeyachanganya maradhi haya mawili, akangoja "liive" ndipo aende hospitalini, huweza kupofuka akiwa bado anangoja.

Wanafizikia wa Kiswahili wana neno "kanieneo", ambalo kwa hakika ni bora kuliko "presha", kwani limeunganisha kani na eneo, na hivyo linajifafanua. Chombo alichokibuni Hans Goldmann nchini Uswisi katika miaka ya 1950 hufanya kazi kwa msingi uo huo. Konea hutiwa dawa ya ganzi, kisha husukumwa taratibu mpaka duara lenye kipenyo cha milimita 3.06 liwe bapa. Eneo halibadiliki, kinachopimwa ni kani iliyohitajika. Kwa desturi, kiwango cha kati ya milimita 10 na 21 za zebaki huhesabiwa kuwa cha kawaida.

Tatizo ni kwamba konea nayo hukataa kusukumwa. Goldmann alikisia unene wake kuwa takriban nusu milimita, ilhali watu hutofautiana. Anayebonyeza mpira wa ngozi na kisha puto hahitaji kuelezwa zaidi: ukinzani anaouhisi hautokani na hewa ya ndani pekee, bali pia na ukuta wenyewe. Vivyo hivyo, konea nene huweza kukipandisha kipimo kupita kanieneo halisi, na konea nyembamba ikakishusha. Mwenye konea nyembamba basi huweza kuambiwa kuwa yu salama ilhali neva yake inaharibika.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2002, matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa nchini Marekani yalipochapishwa. Watu 1,636 walihusishwa, wote wakiwa na kanieneo ya juu lakini neva zikiwa bado nzima. Baada ya miaka mitano, asilimia 9.5 ya wasiotibiwa walikuwa wamepata glaukoma, ikilinganishwa na asilimia 4.4 ya waliotumia dawa za matone. Wenye konea ya mikroni 555 au chini walikuwa katika hatari takriban mara tatu ya wale waliozidi mikroni 588. Ilibainika pia kuwa konea za Wamarekani Weusi zilikuwa nyembamba zaidi kwa wastani. (Matokeo hayo ni yao, si hoja ya kumkadiria Mkenya unene wa konea bila kumpima.)

Zipo kanuni za hesabu zilizopendekezwa ili kurekebisha kipimo kulingana na unene, lakini hazikubaliani, na madaktari wengi huuchukua unene kama ishara ya hatari badala ya kuufanya namba ya kujumlisha au kutoa.

Kuna hata wagonjwa wa glaukoma ambao kanieneo yao haijawahi kuzidi 21. Kwao jina "presha ya macho" halielezi lolote, na huenda likawafanya wayapuuze matone waliyopewa. Aidha, aliyefanyiwa upasuaji wa leza ili aachane na miwani huwa amepunguziwa konea. Kipimo chake cha baadaye huelekea kuwa cha chini kuliko hali halisi, na daktari asiyearifiwa kuhusu upasuaji huo huweza kukisoma kama habari njema.