Kifua Kikuu: Kwa Nini Dawa Humezwa Miezi 6

Huko Taru, kati ya Samburu na Mackinnon Road, mtu akikohoa siku nyingi husemwa kwamba ni vumbi, au ni baridi ya kulala machungani. Wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Huenda ikawa ni vumbi kweli. Lakini kikohozi kikipita majuma 2, tena mtu akikonda, akitoka jasho usiku mpaka shuka ikalowa, au akitema damu, yampasa aende hospitali akapimwe kifua kikuu.

Ugonjwa huu haurithiwi, wala hauletwi na uchawi. Huletwa na kijidudu ambacho daktari Mjerumani, Robert Koch, alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mgonjwa akohoapo, vijidudu huelea hewani, na alalaye naye katika chumba kisicho na dirisha huvivuta. Haviambukizi kwa sahani wala kwa kupeana mikono. Basi kumtengea mgonjwa kata yake ya maji ni kumwaibisha bure; lifaalo ni hewa ipite nyumbani, naye afunike kinywa. (Maziwa mabichi ni jambo jingine: ng'ombe nao wana kifua kikuu chao, kwa hiyo maziwa na yachemshwe.)

Hospitalini mgonjwa hupewa kikopo cha kutia makohozi. Wengi hutema mate, na mate hayaonyeshi kitu. Asimame nje penye hewa, afadhali asubuhi, avute pumzi kwa nguvu mara 2 au 3, kisha akohoe kutoka ndani ya kifua. Zamani ilitegemewa darubini. Siku hizi iko mashine ambayo kwa muda wa saa 2 hivi hutambua vijidudu, tena huonyesha kama vimekwisha kuizoea dawa ya rifampisini. Hupimwa pia virusi vya Ukimwi, maana maradhi haya mawili husaidiana kumwangusha mtu.

Kwa kawaida matibabu huwa dawa 4 kwa miezi 2, kisha isoniazidi na rifampisini kwa miezi 4. Katika hospitali za serikali dawa hizi hazilipiwi. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa. Hiyo si damu, ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa manjano, au kuona kukififia, mgonjwa asingoje siku ya miadi.

Hatari kubwa huja wakati wa kupata nafuu. Baada ya majuma machache homa huondoka, mwili hurudi, na mtu husema, "Nimepona, vidonge vya nini tena?" Vijidudu vingi vimekufa, ndiyo, lakini vichache vimelala ndani ya mapafu, na dawa huviua polepole sana. Jambo hili lilipimwa papa hapa kwetu. Hapo zamani matibabu yalichukua miezi 18. Madaktari wa Afrika Mashariki na wa Uingereza wakafanya majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo ya kwanza yakatangazwa mwaka 1972. Kati ya waliotibiwa miezi 6 kwa streptomisini na isoniazidi tu, karibu 29 katika kila 100 waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, karibu 3 tu. Ndipo miezi 18 ilipopunguzwa. Aachaye dawa mwezi wa tatu huweza kuugua tena, na safari hii kwa vijidudu vilivyozoea dawa, ambavyo tiba yake ni ngumu zaidi.

Watu wa Taru husafiri: ukame hupeleka mifugo mbali, na vijana hushuka Mombasa au Diani kutafuta kazi. Mgonjwa mwenye safari na aiarifu zahanati mapema, apewe dawa za njiani na barua ya uhamisho. Kwa barua hiyo hospitali ya huko aendako, kama ile ya Msambweni, itaendelea na dawa pale zilipofikia.