Matumizi ya Ulinganifu katika Kutatua Milinganyo

Katika mazoezi ya kufundisha tuliwahi kuketi nyuma ya darasa wakati mwalimu mwanafunzi akisahihisha madaftari. Swali lilikuwa hili: bustani ya mstatili ina mzingo wa mita 20 na eneo la mita za mraba 21; tafuta urefu na upana. Mtoto mmoja aliandika: "Nusu ya 10 ni 5. 25 toa 21 ni 4. Basi 7 na 3." Akatiwa alama ya kosa, kwa kuwa hakuandika x. Jibu lilikuwa sahihi, na njia yake ina umri wa karibu miaka elfu nne: Wababiloni, katika nchi iitwayo leo Iraki, waliitumia kwenye vibao vyao vya udongo. Mtoto yule alikuwa ameshika chombo ambacho wachunguzi wa ulimwengu wangali wanakitumia, na mwalimu wake hakukitambua.

Tuitazame njia hiyo. Urefu na upana kwa pamoja ni 10. Tukiyabadilisha majina, urefu ukaitwa upana na upana ukaitwa urefu, masharti ya swali hayabadiliki hata kidogo. Hali hii, ya kugeuza kitu na masharti yakabaki yalivyokuwa, ndiyo tuiitayo ulinganifu. Kwa kuwa namba zote mbili zina haki sawa, hatuna sababu ya kuanza na mojawapo. Tunaanzia katikati, kwenye 5, na kusema kwamba moja imezidi kwa d na nyingine imepungua kwa d hiyo hiyo. Basi (5 + d)(5 − d) = 25 − d² = 21, na d ni 2.

Darasani tusianze na herufi. Wape watoto kokoto 10 katika mafungu mawili, wahamishe moja moja na kuzidisha: 5 × 5 ni 25, 6 × 4 ni 24, 7 × 3 ni 21, 8 × 2 ni 16. Waulize kila zao limepungua kiasi gani kutoka 25. Watasema 0, 1, 4, 9, na hapo mwalimu anyamaze kidogo. Mara nyingi kuna mtoto atakayezitambua namba hizo bila kuambiwa.

Lakini si kila swali linaonyesha ulinganifu wake waziwazi. Tuseme bustani imeegemea ukuta wa darasa, hivyo ua unahitajika pande tatu tu, na ua wote ni mita 13. Eneo ni lile lile 21. Sasa urefu mmoja na upana mara mbili ni 13, na majina hayabadilishani tena. Je, tuiache njia yetu? Hapana. Tuchukue upana mara mbili kuwa kitu kimoja kipya, tukiite m. Urefu na m kwa pamoja ni 13, na zao lao ni 42. Ulinganifu umerudi! Nusu ya 13 ni 6½. Kipeo chake cha pili ni 42¼. Tofauti ni ¼, na d ni ½. Namba zetu ni 7 na 6. Urefu ukiwa 7, upana ni 3. Urefu ukiwa 6, upana ni 3½.

Sasa tuinue macho. Milinganyo ya mvutano aliyoitoa Einstein mwaka 1915 ni kumi, tena imefungamana. Mwaka 1922 Friedmann, wa Urusi, aliuchukua ulimwengu kuwa sawa mahali pote na kila upande. Kwa ulinganifu huo kikabaki hasa kimoja cha kutafuta, yaani kipimo a cha jinsi masafa yanavyotanuka. Wengine wanaongeza humo uga wa skala: kila mahali pana namba moja isiyo na mwelekeo, kama jotoridi ya chumba, tofauti na upepo. Namba hiyo hubadilika mithili ya mpira uviringikao juu ya ardhi. Ardhi ikiwa tambarare, mpira ukianzia hapa au pale ni mamoja. Emmy Noether, wa Ujerumani, alithibitisha mwaka 1918 kwamba ulinganifu wa namna hii huleta kiasi kisichobadilika. Hapa kiasi hicho ni a × a × a × kasi ya uga. Masafa yakiongezeka mara mbili, kasi inabaki moja ya nane. Ikiwa ilikuwa 24, sasa ni 3.

Ardhi yenye mteremko ni kama bustani ya ukutani. Mwaka 1990 wanafizikia wa Napoli, Italia, waliuliza ni miteremko gani iliyoficha ulinganifu, kisha wakabadili visivyojulikana hata ukaonekana. Tuseme pia kwamba mteremko uliochaguliwa kwa kuwa unatatulika si lazima uwe ndio ulioko angani.

Wanachuo wajaribu hili kabla ya kuingia darasani: bustani ya ukutani, ua mita 14, eneo mita za mraba 24. Majibu ni mawili, na mtoto atakayeleta lolote kati yake apewe alama.