Hita ya Injini na Baridi ya Mansfield: Mafunzo Niliyopata

Sisi madereva tuliotoka Kenya tukitaja baridi, wengi tunamaanisha Timboroa. Pale barabara ya Nakuru kwenda Eldoret inapanda juu ya mita 2,700, na asubuhi ya Julai stata hulia mara mbili tatu kabla injini haijashika. Mansfield, kusini mwa Arlington na Fort Worth, ni nchi ya joto. Agosti huwezi kushika bodi ya lori kwa mkono mtupu. Ila upo usiku mmoja mmoja wa Januari au Februari ambapo upepo wa kaskazini hushuka ghafla, na Timboroa ikaonekana mchezo. Nimeandika haya kwa ajili ya usiku huo, hasa kwa wenzetu wanaoingia Texas wakinunua lori la kwanza.

1. Hita inapasha maji, haipashi lori.

Hita ya bloku ni koili fupi iliyochomekwa ndani ya bloku ya injini, mahali maji ya rejeta yanapopita. Ukiitia umeme, maji hupata moto na kupanda, ya baridi yakashuka kushika nafasi yake, na taratibu chuma chote kikawa vuguvugu. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa sababu hewa imebanwa hadi sehemu ya kumi na sita au kumi na nane ya ukubwa wake, ikapata moto wa kuyalipua mafuta. Chuma kikiwa baridi sana, kuta za silinda huunyonya moto huo kabla haujafanya kazi. Hapo ndipo hita inapolipa. Oili nayo hulegea kidogo, stata ikazunguka kwa wepesi. Lakini betri haiguswi, na inapofika nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kubaki na karibu nusu ya nguvu zake. Tangi la mafuta nalo haliguswi. Nitalirudia.

2. Angalia kama una waya.

Lori na pikapu nyingi zilizouzwa kusini hazina waya wa hita unaoning'inia mbele kama zile za Minnesota. Hiyo haimaanishi kwamba hita haipo. Kwa mfano, pikapu nyingi za Ram zenye injini ya Cummins hutoka kiwandani na koili tayari, waya ndio unaoagizwa kando. Chukua tochi, ingia chini, tafuta kichwa cha koili ubavuni mwa bloku. Kazi hii ifanye Oktoba.

3. Usidharau ekstensheni.

Hita ya lori kubwa hula wati 1,000 hadi 1,500. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, nusu ya ule wa kwetu, kwa hiyo ili kupata wati zilezile mkondo unaopita kwenye waya huwa maradufu. Wati 1,500 ni ampia 12 na nusu, saa baada ya saa. Dukani waya hupimwa kwa namba, na kadiri namba inavyopungua ndivyo waya unavyonenepa: 12 ni mnene, 16 ni wa taa za Krismasi. Baada ya nusu saa shika plagi kwa kiganja. Ikiwa ya moto, chomoa. Soketi ya nje iwe ile yenye kitufe cha kujikata, kwa maana waya utalala kwenye theluji inayoyeyuka.

4. Saa tatu au nne zinatosha.

Baada ya hapo maji hayaongezeki joto la maana. Unalipia umeme wa kupasha hewa ya uwanja. Nimefunga taima ya bei nafuu: nikitoka saa kumi na moja alfajiri, hita inaamka saa saba usiku. Wati 1,000 kwa saa nne ni uniti 4 za umeme. Kuna wanaoacha injini ikinguruma usiku kucha, na lori kubwa likisimama hivyo hunywa karibu lita tatu za dizeli kila saa, tena hujaza masizi kwenye chujio la moshi. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

5. Hita ni mtoto wa gridi.

Anayetajwa kuivumbua ni Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, aliyepata hataza mwaka 1949. Alikuwa msimamizi wa ushirika wa umeme wa vijijini. Yaani kifaa hiki kilitoka kwa mtu wa umeme, kwa nchi ambako baridi ni ya kila mwaka na nyaya zimejengwa kuistahimili.

Texas ni habari nyingine. Februari 2021, dhoruba ilipokuja, mitambo mingi ya gesi, upepo na makaa iliganda au ikakosa gesi, na gridi ya jimbo, ambayo kwa sehemu kubwa haijaunganishwa na majirani, ikabaki peke yake. Kabla kidogo ya saa saba na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 15, ERCOT inayoiendesha iliamuru watu wakatiwe umeme. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 ziliingia gizani. Kesho yake uwanja wa ndege wa DFW ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuwa imeonekana hapa tangu 1949. Usiku ambao kila dizeli ilihitaji hita, soketi zilikuwa zimekufa.

Waliopata umeme wa kurudi na kukatika walikuwa na uamuzi wa kufanya. Hita ya lori na hita ndogo ya chumba cha watoto hula umeme sawasawa, na zikiwa kwenye saketi moja fyuzi huruka. Jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, aliniita kupitia uzio: "Kaka, motoka imekatala." Nikamwambia iache ikatae, pasha watoto. Bunge la Texas lilipitisha sheria mwaka huohuo kulazimisha mitambo ijiandae kwa baridi. Mimi nilinunua jenereta ya wati 3,000.

6. Dizeli ya kusini huganda mapema.

Ndani ya dizeli mna nta. Baridi ikizidi, mafuta huanza kuwa na ukungu, kisha huganda kama samli, na filta ndiyo huziba kwanza. Dizeli ya kawaida, ile namba 2, huanza kusumbua karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Vituo vya kaskazini huichanganya na namba 1, iliyo nyepesi na karibu na mafuta ya taa. Huku kwetu usitegemee. Ndiyo maana unakuta injini ina joto zuri, inawaka vizuri, halafu inazima baada ya maili chache kwenye barabara ya 287. Dawa ya kuzuia nta hutiwa wakati mafuta bado ni maji, kabla ya kujaza tangi, ili ichanganyike. Chupa nyeupe ya Power Service, kampuni ya Weatherford hapa jirani, ni ya kuzuia. Ile nyekundu ni ya kuyeyusha yaliyokwisha kuganda. Weka kabatini filta moja ya akiba.

7. Breki pia huganda.

Toa maji kwenye matangi ya upepo jioni. Ukitoka kwenye mvua usifunge breki za trela zikiwa zimelowa. Viatu hugandamana na ngoma. Weka kabari.

8. Kuwaka ni kitu kimoja, kutoka ni kingine.

Februari 11, 2021, siku chache kabla ya giza lile, magari zaidi ya 130 yaligongana asubuhi mapema kwenye I-35W, Fort Worth, juu ya barafu nyembamba. Watu 6 walikufa. Malori yalikuwemo, na injini zilikuwa zinafanya kazi barabara. Madaraja ya huku ni marefu na yako juu, upepo unayapiga pande zote mbili, nayo huganda kabla ya lami ya chini. Kwa hiyo utabiri ukitaja mvua ya barafu, nampigia dispacha jioni ileile na kumwambia mzigo utaondoka madaraja yakishamwagiwa mchanga. Yeye yuko Florida. Huniuliza kama nimesahau kuchomeka hita.