Gitaa lenye daraja linaloelea: kwa nini halikai kwenye tuni?

Fundi wetu wa magitaa anajibu maswali ya wasomaji.

Shikamoo fundi. Nimenunua gitaa la mtumba lenye mkono wa kutikisia sauti. Nautuni uzi wa sita, nikifika wa kwanza, ule wa sita umeshalegea. Nimeuziwa bovu?

Marahaba. Gitaa lako ni zima. Daraja la gitaa la kawaida limekazwa ubaoni, lakini la kwako limeegemea nguzo mbili tu. Mbele linavutwa na nyuzi sita, nyuma linavutwa na springi zilizofichwa kwenye shimo la mgongoni. Ni mizani: ukiongeza upande mmoja, mwingine unainuka. Ndiyo maana ukikaza uzi mmoja, daraja linasogea mbele kidogo na nyuzi tano zilizobaki zinashuka.

Ili kulituni, fungua klempu zinazobana nyuzi shingoni kwa ufunguo wa L. Nyingi hutumia wa milimita 3. Zile skrubu ndogo za kutunia zilizo juu ya daraja ziache katikati, zisiwe zimekazwa hadi mwisho wala kulegezwa kabisa. Anza na uzi wa sita, na uupandishe kidogo kupita noti yake, kwa sababu utashuka tu ukishika wa tano. Pita zote, kisha rudi mwanzo. Kufikia mzunguko wa tatu au wa nne, tofauti itakuwa ndogo mno. Hapo ndipo unapofunga klempu na kumalizia kwa skrubu ndogo.

Kama kila ukifunga klempu sauti inaruka juu sana, tazama kipande cha chuma kilicholala juu ya nyuzi, kati ya klempu na vigingi vya kichwani. Kazi yake ni kuzikandamiza nyuzi zilale sawasawa kabla ya kubanwa. Kikiwa kimelegea, klempu ndiyo inayozisukuma chini, na kila uzi unakazika bila wewe kugusa kigingi.

Nilikuwa natumia nyuzi namba 9, nimeweka namba 10. Sasa daraja limeinama mbele na nyuzi zimekuwa juu kama za gitaa la mwanafunzi.

Nyuzi namba 9, yaani seti ambayo uzi wake mwembamba una unene wa inchi 0.009, zikiwa kwenye tuni ya kawaida huvuta kwa jumla ya kilo 38 hivi. Seti ya namba 10 inakaribia kilo 46. Umeongeza mzigo mbele, nyuma hukuongeza kitu.

Fungua kifuniko cha mgongoni. Utaona bamba la chuma lenye kucha zinazoshika springi, nalo limeshikwa kwenye ubao kwa skrubu mbili ndefu. Zikaze zote mbili nusu mzunguko, tuni gitaa, halafu litazame kwa ubavu. Daraja bado limeinuka nyuma? Nusu mzunguko tena. Rudia mpaka bamba la daraja liwe sambamba na ubao huku nyuzi zikiwa kwenye noti zake. Skrubu zikikaribia kuisha, ongeza springi moja.

Vigingi havinyooshi daraja, kwa hiyo usijaribu njia hiyo. Nguzo mbili za mbele nazo usizizungushe nyuzi zikiwa zimekaza. Daraja limezigusa kwa kingo nyembamba kama za kisu, na ukizizungusha chini ya mzigo huo unazisaga kingo hizo. Zikishasagika, hakuna kutuni kutakakokusaidia.

Siku nyingine badilisha uzi mmoja mmoja, au chomeka kitambaa kilichokunjwa chini ya daraja lisianguke.

Nikiubonyeza mkono chini na kuuachia, sauti hairudi mahali pake.

Kwanza jiulize: ni uzi mmoja au zote?

Kama ni uzi mmoja, na kila mara ni uleule, unateleza kwenye kibano chake darajani. Katika aina hii ya daraja unakata kile kichwa cha uzi, unaubana mwisho wake kwa kijiwe cha chuma. Kijiwe kikiwa kimeliwa, badilisha hicho tu.

Zikiwa zote, fanya hivi. Bonyeza mkono chini, uachie, sikiliza. Kisha uvute juu, uachie, sikiliza tena. Ikiwa baada ya kubonyeza sauti inabaki chini, na baada ya kuvuta inabaki juu, daraja linakwama kwenye nguzo. Mulika kwa tochi ya simu pale kingo zinapogusa nguzo. Ukiona uchafu au kutu, na hasa kwa wapigaji wa Pwani kutu haikosekani, futa halafu weka tone la mafuta ya cherehani. Ukiona kishimo kimechimbika, ni kubadilisha nguzo au bamba la daraja.

Kama nyuzi ni mpya, usilaumu daraja. Zinyooshe kwa vidole klempu zikiwa wazi, tuni, zinyooshe tena. Wengi wanafunga klempu haraka mno.

Nani alileta usumbufu huu?

Gitaa la Stratocaster la Fender lilitoka mwaka 1954 likiwa na mkono na springi, ila nyuzi zilikwama shingoni na kichwani. Mmarekani Floyd Rose akaja na wazo la kuzibana nyuzi ncha zote mbili, akapata hataza mwaka 1979. Skrubu ndogo za kutunia zilikuja baadaye. Kwa aliyeutumia mkono kwa fujo, kama mpiga gitaa Eddie Van Halen, ulikuwa ukombozi.

Napiga kanisani. Kuna nyimbo mbili tunashusha uzi wa sita hadi D, nyingine tano zinapanda. Mkono wenyewe siutumii.

Basi unabeba mzigo usio wako. Chonga kipande cha mbao ngumu, kichomeke shimoni mgongoni kati ya chuma cha daraja na ukuta wa shimo, upande ule daraja linapovutwa na springi. Kisha kaza springi kidogo daraja lilalie mbao. Sasa ukishusha uzi wa sita, nyingine hazitapanda. Ukiamua kurudi, chomoa na ulegeze springi.

Uzi ukikatika katikati ya wimbo?

Daraja likiwa linaelea, tano zilizobaki zinapanda papo hapo, na hakuna la kufanya pale jukwaani. Beba gitaa la pili, lenye daraja lililokazwa.