Wikiendi ya baridi Uluguru, bila kuomba likizo

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, Dar es Salaam haina mjadala: ni joto. Kipimajoto husoma nyuzi 31 au 32, lakini kinachowamaliza watu ni unyevu. Usiku feni inazungusha hewa ileile ya moto, watoto wanashuka kitandani wakalale kwenye vigae, na umeme ukikatika nyumba nzima inahamia barazani. Wenye nafasi hupanda ndege kwenda Arusha. Wenye subira hukaa kwenye basi saa sita au saba mpaka Lushoto. Waliobaki hulalamika tu.

Ilhali mlima uko karibu. Uluguru, kipande cha safu ya Tao la Mashariki inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, imesimama nyuma ya mji wa Morogoro, chini ya kilomita 200 kwa barabara kutoka katikati ya Dar. Kilele chake kirefu zaidi, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Na tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya miji hii miwili, safari iliyokuwa ikiliwa na foleni za Kimara, Kibaha na Chalinze sasa inachukua takribani saa mbili, pengine chini ya hapo. Hiyo ndiyo iliyobadilisha hesabu ya familia. Zamani kwenda Uluguru kulihitaji likizo. Sasa kunahitaji Jumamosi na Jumapili.

Shida ni kwamba watu wakifika Morogoro wanadhani wamefika.

Mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanauita mji kasoro bahari, na kweli mchana wa Februari kinachokosekana ni bahari tu. Jua lipo la kutosha na la kuazima. Familia inafikia hotelini mjini, inakula nyama choma, watoto wanaogelea, Jumapili inarudi Dar na kutangaza kwamba baridi ya Morogoro ni hadithi. Hawasemi uongo, ila wameishia mlangoni. Kanuni ya milimani ni kwamba kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi sita. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kufunga mabegi ni moja: Jumamosi usiku tutalala kwenye mita ngapi?

Majibu yanayofaa kwa wikiendi ni mawili, na chaguo linategemea umri wa watoto kuliko ukubwa wa mfuko.

La kwanza ni Morningside, jengo kuukuu la enzi ya Wajerumani lililo juu ya mji, upande wa kaskazini wa mlima. Gari lenye nguvu hufika, bodaboda hufika, lakini uzuri wake ni kwa miguu. Njia inapanda sambamba na Mto Morogoro, inapita migomba, mashamba ya mboga na nyumba za udongo zilizoegemezwa kwenye mteremko hadi mtu wa bondeni anajiuliza zimeshikiliwa na nini. Asubuhi utapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoshuka sokoni, beseni la ndizi au mboga kichwani, mtoto mgongoni, hatua za haraka zisizotafuta pa kukanyaga. Wakati huohuo wewe wa Dar, begi dogo mgongoni, umesimama mara ya tatu kunywa maji. Salamu haziishi njiani. Watoto wa mjini wanaosahau shikamoo hukumbushwa hapahapa, tena bila kukaripiwa: mzee anasimama, anawatazama, anangoja.

Mtoto wa miaka tisa au kumi mwenye raba nzuri anafika Morningside kwa saa mbili hadi tatu, pamoja na mapumziko na manung'uniko. Mdogo zaidi ya hapo utambeba, na mteremko ule hauna huruma na mgongo wa baba. Mwongozaji anapatikana mjini kupitia vikundi vya utalii wa utamaduni, na ni vizuri kuwa naye hata kama njia inaonekana wazi, kwa sababu inachipua vijia kila kona. Ukitaka kuingia kwenye msitu wenyewe, hiyo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kibali hukatwa mjini kabla ya kupanda. Usipande kwa matumaini ya kulipa huko juu.

Msitu unastahili hicho kibali. Kuna ndege wasiopatikana penginepo duniani ila Uluguru, vinyonga wa kila namna, na kwenye miamba yenye unyevu huota violeti za Afrika, yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya na Marekani watu huyafuga dirishani kwenye vyungu. Huku yanajiotea bila kumwagiliwa. Ruhusa ni kuyapiga picha, si kuyang'oa.

Jibu la pili ni eneo la Mgeta, na kwa familia yenye watoto wadogo hili ndilo ningelipigia kura bila kusita. Unatoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto kuelekea Mlali, halafu gari linaanza kupanda kwa kona. Hakuna anayetembea, na kila baada ya dakika chache mtu anafunga dirisha. Ukifika kijiji cha Nyandira uko takribani mita 1,600. Kwa kanuni ya nyuzi sita, hewa ya Dar yenye nyuzi 32 imeshapungua karibu kumi, na usiku utaomba blanketi la pili. Nyumba za wageni ni za kawaida: kitanda, neti, maji ya moto yanayoletwa kwenye ndoo. Anayetafuta bafu la kifahari abaki mjini.

Mgeta ndiko zinakotoka kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vingi vinavyouzwa kwenye masoko ya Dar. Mtoto anayejua karoti kama kitu cha genge anaiona ikichomolewa ardhini, inafutwa udongo kwa jani la mgomba, inamenywa kwa kisu na kutafunwa hapohapo. Kuna mafyulisi na matofaa, urithi wa wamisionari, na kuna mbuzi wa maziwa ambao asili yao ni Norway; waliletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakaipenda hali ya hewa. Maziwa yao yana mafuta na hayana ile harufu ambayo watu hutishana nayo. Tulipokwenda sisi, watoto wetu walikunywa kwa shaka kikombe cha kwanza na kwa ugomvi cha pili.

Jioni, ubaridi uliposhuka na moshi wa kuni ukaanza kutambaa juu ya paa, mdogo wao alimuuliza mwenyeji wetu, "Babu, hapa mnaweka wapi feni?"

"Feni ya kufanyia nini, mjukuu wangu?" mzee akajibu, akavuta koti lake.

Wazazi wenye hamu ya kufundisha watapata pa kuanzia bila kulazimisha. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi kwa desturi hurithiwa upande huo. Waulize wenyeji nani mwenye shamba mnalopita, jibu litawafikirisha. Mashamba yaliyochongwa kwa ngazi nayo yana historia. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi milimani kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu iliyowapotezea muda wa kulima. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka upande wa Matombo, na mpango ukaachwa. Wazee waliosimuliwa na wazazi wao bado wapo.

Halafu kuna maji. Mto Mgeta, Mto Ngerengere unaopokea maji ya Mto Morogoro, na vijito vingine vingi vya mlima huu huishia Ruvu, na Ruvu ndiyo chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, yanayosafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Upande wa mashariki wa Uluguru, unaopokea upepo kutoka Bahari ya Hindi, hunyeshewa sana na ndio unaoubeba mto. Mwaka 2022 mvua ziliposuasua na Ruvu ikapungua, Dar iliingia kwenye mgao wa maji, ndoo na madumu yakapanga foleni mitaa yote. Mtoto anayeingiza miguu kwenye kijito cha Uluguru, maji yanayouma kwa baridi, akiambiwa kwamba haya yako njiani kwenda Tabata, huangalia bomba la nyumbani kwa jicho jingine. Ila msimwache aruke mawe peke yake; mawe ya mtoni yana utelezi wa sabuni.

Sasa fedha. Nauli ya SGR Dar hadi Morogoro ilipangwa mwaka 2024 kuwa Sh 13,000 kwa daraja la kawaida, watoto wa miaka minne hadi 12 nusu, walio chini ya hapo bure. Kwa nauli hiyo, baba, mama na watoto wawili wa umri wa nusu nauli wanalipa Sh 39,000 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, jumla Sh 78,000. Treni za haraka zina bei ya juu kidogo, na nauli hubadilika, hivyo angalia kabla ya kukata. Kitambulisho ni lazima, na fika mapema kwa sababu mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege. Treni ya umeme haina ile tabia ya basi ya kumngojea abiria anayekimbia.

Kinachokula fedha ni usafiri baada ya treni. Kituo cha SGR kiko Kihonda, nje kidogo ya mji, na kuna bajaji na daladala za kukufikisha katikati. Kwenda Mgeta, gari la kukodi kwa siku mbili linaweza kugharimu kuliko tiketi zote za treni. Dawa yake ni kuungana: familia mbili, Noah moja, mgawane. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, mafuta yakiwa ndani ya bei, na mtajie dereva jina la kijiji, si "Mgeta" tu, kwa sababu Mgeta ni kubwa. Mabasi madogo na magari ya mizigo nayo hupanda kila siku kwa bei ndogo sana, ila kwa watoto siyapendekezi. Hujazwa kupita kiasi na kona zile si za mchezo.

Beba fedha taslimu. Wakala wa simu yupo, lakini anaweza kukosa floti au mtandao ukapotea jioni nzima. Beba pia sweta, soksi, koti la mvua, tochi, na kanga mbili ambazo zitageuka shuka, taulo na pazia. Dawa ya mbu msiiache, kwani hata kama huko juu mbu ni wachache, mjini Morogoro wapo na malaria ipo. Anayetapika kwenye gari akae mbele, asinywe maziwa kabla ya kona.

Kuhusu tarehe, Desemba shule zimefungwa na ndipo wengi husafiri, lakini mvua za vuli mara nyingi bado zinamalizia na udongo mwekundu ukilowa pikipiki huteleza kama ziko kwenye mlenda. Januari mwishoni na Februari ni bora zaidi: Dar inachemka, njia za mlimani zimekauka, na wikiendi moja haimkoseshi mtoto darasa. Machi mvua za masika zikianza, ahirisha mpaka Juni. Juni na Julai nayo ni miezi mizuri sana, ila kipupwe cha Uluguru si cha mzaha na Dar yenyewe wakati huo inakalika.

Ratiba inayofanya kazi ni treni ya asubuhi Jumamosi, chakula cha mchana mjini, mlimani kabla ya saa kumi alasiri, na kushuka Jumapili baada ya kifungua kinywa kisichoharakishwa. Kwenda Ijumaa jioni kunavutia, lakini unalipia usiku mmoja wa joto mjini bila faida. Mkishuka, pitieni Soko Kuu la Chifu Kingalu kwa mboga na ndizi. Kabichi ya huko itawalisha wiki. Stroberi za Uluguru, mkizipata, zibebeni mkononi, kwani kwenye begi zitafika Dar zikiwa juisi.

Na jambo moja la mwisho kwa anayepanga wikiendi hii: treni za Jumapili jioni kurudi Dar ndizo zinazowahi kujaa. Kata tiketi ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda.