Chumvi na Chokaa

Sokoni Mwanza chumvi hununuliwa bila kutazamwa. Zamani haikuwa rahisi hivyo. Huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi, na wachukuzi wakaipeleka mbali kwa kichwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Lakini katika punje yenyewe limo jambo la ajabu kuliko safari hiyo.

Chumvi imefanywa kwa sodiamu na klorini. Kila atomu ya sodiamu imetoa elektroni moja, ikabaki na chaji chanya 1. Kila atomu ya klorini imepokea moja, ikawa na chaji hasi 1. Atomu zenye chaji huitwa ioni. Chanya huvuta hasi, nazo hupangana kwa zamu, juu, chini na kando, kama mafundo ya kimia cha mvuvi. Ila kimia ni tambarare, na mpango huu huenda pande zote. Bragg wa Uingereza aliutambua mwaka 1913 kwa miali ya eksirei. Nishati ya kuziachanisha ioni zote mbali kabisa huitwa nishati ya kimia.

Chokaa itokayo tanuruni, kabla ya kutiwa maji, ina mpango ule ule. Lakini ioni zake, kalsiamu na oksijeni, zina chaji 2 kila moja. Mwanafunzi mwenye haraka husema, “Basi nguvu yake ni mara mbili.” Sivyo. Chaji hazijumlishwi, huzidishwa, kama Coulomb wa Ufaransa alivyoonyesha mwaka 1785. Wawekwe watu wawili huku na wawili kule, kila mmoja ampe mkono kila mmoja wa upande wa pili: mikono itashikana mara nne. Ndivyo 2 kwa 2 ivutavyo.

Tena umbali hupunguza nguvu. Katika chumvi ioni jirani ziko pikometa 281, katika chokaa 240. Basi 4 mara 281, gawanya kwa 240, ni karibu 4.7. Vipimo vyasemaje? Gramu 58 za chumvi huhitaji kilojuli 787; gramu 56 za chokaa, zenye idadi ile ile ya ioni, huhitaji karibu 3,400, yaani mara 4.3. Hesabu fupi haifiki sawasawa, kwani imeacha kando kusukumana kwa ioni zikaribianapo, jambo ambalo Born na Landé wa Ujerumani walilitia katika hesabu mwaka 1918.

Moto nao hushuhudia. Wahunzi Warongo wa Uzinza, magharibi ya Mwanza, walichoma mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto. Chumvi katika moto wa namna hiyo huwa kama maji, maana huyeyuka kwa digrii 801. Chuma huyeyuka kwa digrii 1,538. Chokaa safi hubaki jiwe hata chuma kikiwa kimekwisha kutiririka. Yenyewe hungoja zaidi ya digrii 2,500.