Slaidi haibaki nyuma

SWALI: Nanunua mahindi hapa Tunduma, nina bastola ya leseni. Risasi zikiisha slaidi inarudi mbele badala ya kubaki nyuma. Shida nini?

JIBU: Kwanza toa magazini, vuta slaidi, chungulia chemba na uipapase kwa kidole. Kisha ingiza magazini tupu, vuta slaidi kwa mkono. Ikibaki nyuma, mshuku kidole gumba chako: wengi hukilaza juu ya kishikizo cha slaidi wakati wa kufyatua. Risasi dhaifu nazo hufanya hivyo.

Isipobaki, jaribu magazini nyingine tupu; ikibaki, shida ni ile ya kwanza. Ndani yake mna kibao kinachosukumwa na springi, nacho ndicho hunyanyua kishikizo. Springi ikilegea, au vumbi la foleni ya malori likigandamana na mafuta, kibao hakifiki juu. Safisha, pangusa kikavu, springi hubadilishwa.

Ila bastola nyingine ndogo, kama FN Baby Browning, hazikuundwa kubaki nyuma.

Kishikizo kikiwa kimelika, usikisugue kwa tupa. Tafuta fundi mwenye leseni kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, msahau. Kuvuka na bastola bila kibali ni kesi.